Mitambo ya Mlimani na Ulinzi wa Sauti ya Taifa

(Mazungumzo baada ya taarifa ya habari, kwa maafisa na askari wa Jeshi na Polisi)



Mtu asimamaye ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika jiji la Bujumbura, akalipa ziwa kisogo, huona mbele yake safu ya milima iliyosimama kama ukuta. Ndiyo safu itenganishayo maji yaendayo mto Kongo na maji yaendayo mto Nili. Ziwa liko mita 773 hivi juu ya bahari, na vilele virefu vya safu hiyo vinapita mita 2,500. Juu ya baadhi ya vilele hivyo, na miongoni mwavyo mlima Manga, imesimikwa minara ya chuma yenye antena za redio na televisheni. Chini yake kuna nyumba ya mitambo, jenereta, tangi la mafuta, ua wa nyaya, na aghalabu askari mwenye koti zito, kwa maana baridi ya huko si ya Bujumbura.

Leo tunapenda kuizungumzia minara hiyo. Hatusemi kwa ajili ya mafundi, ambao wanaijua kazi yao kuliko sisi. Tunasema kwa ajili yenu ninyi mnaopangiwa zamu ya kuilinda, kwa sababu historia ya eneo letu la Maziwa Makuu inaonyesha jambo moja waziwazi: kituo cha redio kikitekwa, kikinyamazishwa au kikitumiwa vibaya, damu ya watu wasio na hatia huwa hatarini. Basi yatupasa kujua ni kitu gani tunacholinda, kimetoka wapi, na kwa nini kiko juu ya mlima.

Tuanze na swali hilo la mwisho. Mawimbi mafupi na mawimbi ya kati, yaliyotumika tangu redio ilipoanza, yana uwezo wa kwenda mbali sana. Usiku hupanda angani, yakagonga tabaka la juu la hewa, yakarudi duniani mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo sababu wazee wetu waliweza kusikiliza London au Cairo kwa redio ndogo ya betri. Lakini yana kasoro zake: hukwaruza, hufifia, na huingiliwa na kila cheche ya umeme na kila ngurumo ya radi. Mawimbi ya FM ni kinyume chake. Sauti yake ni safi kama maji ya chemchemi, lakini huenda karibu kama macho ya mtu yaendavyo: pale ambapo antena haipaoni, hapasikii vizuri.

Mafundi wanayo hesabu ya jambo hili. Antena iliyo mita 100 juu ya nchi tambarare huona hadi kilomita 41 hivi. Antena hiyo hiyo ikipandishwa mita 1,500 juu ya tambarare, huona karibu kilomita 160. Duara la kilomita 160 kila upande lingeimeza Burundi yote, yenye kilomita za mraba 27,834, likabaki na nafasi ya kutosha. Hiyo ndiyo nguvu ya mlima. Mtambo mdogo ulioko kileleni unaweza kuushinda mtambo mkubwa ulioko bondeni, kama vile askari mmoja mwenye darubini kileleni aonavyo mengi kuliko kikosi kizima kilicho korongoni.

Lakini nchi yetu ni nchi ya vilima elfu na mabonde elfu. Kilima kimoja humkinga mwenzake, na nyuma ya kila kilima kuna kivuli ambamo sauti haifiki. Kwa hiyo mlima mmoja hautoshi. Inabidi pawepo vituo vingine vya kupokea sauti na kuirusha tena, kila kimoja kikilihudumia eneo ambalo mwenzake halioni. Huu ni mnyororo, na kiungo kimoja kikikatika, tarafa nzima hunyamaziwa.

Ndugu wasikilizaji, FM haikuzaliwa jana. Mwanzilishi wake ni Mmarekani Edwin Armstrong, mhandisi aliyepata hataza za uvumbuzi huo tarehe 26 Desemba 1933. Kabla yake, wataalamu wengi waliamini kwamba mikwaruzo ya redio haina dawa. Armstrong hakujaribu kuongeza nguvu ya mtambo ili kuizidi kelele. Alibadili namna yenyewe ya kuibeba sauti: badala ya kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, aliyapandisha na kuyashusha masafa yake. Radi hubadili nguvu ya wimbi, lakini haiwezi kwa urahisi kuyabadili masafa yake, kwa hiyo sauti hufika salama. Majaribio ya kwanza aliyafanya mwaka 1934 kutoka juu ya jengo la Empire State mjini New York, lililokuwa refu kuliko majengo yote duniani. Baadaye alijenga mnara wake mwenyewe mahali paitwapo Alpine, New Jersey, juu ya majabali yaliyo kando ya mto Hudson. Tangu mwanzo kabisa, basi, FM ilitafuta mahali pa juu.

Yafaa askari wajue kwamba kazi ya ulinzi ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza kuutambua uvumbuzi huo. Mnamo mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut, Marekani, walianza kutumia simu za upepo za FM katika magari yao ya doria, mpango uliobuniwa na Profesa Daniel Noble. Vituo vyao vilisimikwa juu ya vilima, ili gari lililo popote katika jimbo liweze kusema na makao makuu. Muda si mrefu vita vikuu vya pili vikalikuta jeshi la Marekani likiweka redio za FM ndani ya vifaru. Ndani ya kifaru mna ngurumo za injini na cheche za mitambo ya umeme. Redio za kawaida zilikuwa zinazibwa na kelele hizo, lakini FM ilipenya. Armstrong aliliruhusu jeshi la nchi yake kutumia uvumbuzi wake katika vita hivyo bila malipo. Kwa hiyo redio ya mkononi anayoibeba askari wa doria leo, na mtambo wa matangazo ulioko mlimani, ni ndugu wa tumbo moja.

Baada ya vita FM ilienea Ulaya kwa njia ambayo inayo mafunzo kwa nchi ndogo. Mwaka 1948 mataifa ya Ulaya yalikutana Copenhagen kugawana mawimbi ya kati. Ujerumani, iliyokuwa imeshindwa, ilipewa masafa machache sana. Wajerumani hawakukaa wakilalamika. Walikimbilia FM, ambayo wengine walikuwa bado wanaidharau, na tarehe 28 Februari 1949 kituo cha kwanza kikaanza kurusha matangazo mjini Munich. Miaka michache baadaye milima yao ilikuwa imejaa minara, na nchi iliyonyimwa ikawa na sauti nzuri kuliko waliyoinyima. Mwaka 1984 ulifanyika mkutano mwingine Geneva, na huko mataifa ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati yakapanga masafa ya FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Mpango huo ni muhimu kwa nchi kama yetu, kwa sababu sauti itokayo kilele cha mlima haisimami mpakani kuonyesha pasi. Ng'ambo ya ziwa, Uvira inaiona milima ya Burundi kama Bujumbura inavyoiona milima ya Kongo.

Hapa kwetu, redio ilianza mwaka 1960, wakati Bujumbura ilipokuwa ikiitwa Usumbura na utawala ukiwa bado wa Wabelgiji. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 ikawa redio ya taifa, na katika miaka ya Jamhuri ya kwanza na ya pili ilijulikana kwa jina la Sauti ya Mapinduzi. Ilisikika kwa mawimbi mafupi na ya kati kabla FM haijatandazwa milimani. Mwaka 1984 ikaongezeka televisheni, ambayo nayo huhitaji kilele cha kusimama. Idhaa moja ya redio hii husema Kirundi, na ya pili husema Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza, ili mtu wa Buyenzi na mvuvi wa Rumonge wasikie kwa lugha ya sokoni kwao.

Sasa tupande mlima kwa maneno, tuone kilichoko huko juu.

Sauti ya mtangazaji huanzia studio mjini. Kutoka hapo hurushwa mlimani kwa wimbi jembamba, kutoka dishi moja hadi jingine, yakitazamana kama watu wawili wanaozungumza kwa macho. Huo ndio mkono unaoiunganisha studio na mlima. Mtu akijenga ghorofa mbele ya dishi, au upepo ukiligeuza dishi kwa upana wa vidole vichache, studio itasema na mlima hautasikia.

Ndani ya nyumba ya mitambo, sauti hiyo hupokewa na mtambo mdogo unaoipandisha katika masafa yake. Wimbi linalotoka hapo ni dhaifu, lenye nguvu ya taa ndogo ya nyumbani tu. Hupitishwa katika kikuza nguvu, likatoka na mamia ya wati au kilowati kadhaa. Pale ambapo mitambo miwili au mitatu hutumia antena moja, kuna chombo kikubwa cha kuunganisha chenye vichujio, ambacho huyaruhusu mawimbi yote kupita bila kurudi nyuma na kuunguzana. Kisha wimbi hupanda mnara ndani ya kebo nene kama mkono wa mtoto. Kebo nyingi za aina hiyo zina uwazi ndani, na mafundi huujaza hewa kavu yenye msukumo, ili ukungu wa mlimani usiingie. Tone la maji ndani ya kebo linaweza kuuzima mtambo wa thamani kubwa.

Juu kabisa ziko antena zenyewe, vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Huko kupangwa kuna maana yake. Antena moja humwaga nguvu yake kila upande, hata mawinguni ambako hakuna msikilizaji. Antena nne zilizopangwa sawasawa huibana nguvu hiyo ikawa kama ukanda wa mwanga unaoelekea kwa watu, hata mtambo wa kilowati moja ukafanya kazi ya kilowati tatu au nne. Hata hivyo mlima mrefu una tatizo lake. Ukanda huo ukielekezwa moja kwa moja mbele, utapita juu ya vichwa vya watu wa Bujumbura walio chini ya mlima, ukaenda kuangukia mbali. Kwa hiyo mafundi huuinamisha kwa nyuzi chache tu. Nyuzi hizo chache ndizo zinazoamua kama mji utasikia au hautasikia. Askari akimwona fundi ametumia siku nzima mnaranani kwa kipimo na spana, asidhani kwamba anapoteza wakati.

Adui wa kwanza wa mitambo hii ni radi. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mahali panapopigwa na radi nyingi kuliko pote barani Afrika ni Kabare, katika Kivu ya Kusini, si mbali na mipaka yetu. Mnara wa chuma kileleni ni mwaliko wa radi. Kinga yake ni fimbo ya chuma juu na waya mnene wa shaba unaoteremka hadi ardhini, ukagawanyika chini ya udongo kama mizizi ya mti. Waya huo hauonekani kuwa na kazi yoyote siku ya jua, na shaba ina bei sokoni. Mwizi akiukata usiku mmoja, huuza kwa fedha ya kununulia chakula cha siku mbili; mvua ya kwanza ikinyesha, radi hukosa njia ya kushukia ardhini, ikapitia kwenye mtambo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni.

Adui wa pili ni giza. Umeme wa gridi ukikatika, jenereta lazima liwake. Jenereta linakunywa dizeli, na dizeli hupandishwa mlimani kwa lori kupitia barabara ambayo wakati wa masika hugeuka kuwa tope. Kila lita inayochotwa kutoka tangi hilo kwa ajili ya pikipiki ya mtu ni dakika kadhaa za sauti ya taifa zilizoibwa. Adui wa tatu ni uzembe: chujio la hewa lisilosafishwa, panya aliyeachwa kutafuna nyaya, kamba za chuma za mnara zilizoshika kutu bila mtu kutoa taarifa.

Ndugu maafisa na askari, hao ni maadui wa kila siku. Tuje sasa kwa yale yaliyoandikwa katika historia kwa wino mwekundu.

Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, karibu kila aliyetaka kuipindua serikali alikimbilia redio kwanza. Tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar, sauti ya John Okello ilitoka katika kituo cha Raha Leo. Tarehe 25 Januari 1971 redio ya Uganda ilisomewa sababu kumi na nane za kumwondoa Rais Obote, na aliyezisoma alikuwa askari. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya waliiteka Sauti ya Kenya mjini Nairobi na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Jeshi tiifu lilikikomboa kituo siku hiyo hiyo, na tangazo likakanushwa kwa kipaza sauti kile kile. Sisi wenyewe tunazikumbuka tarehe zetu: 28 Novemba 1966, 1 Novemba 1976, 3 Septemba 1987, 25 Julai 1996.

Kwa nini wote hao walikimbilia redio? Kwa sababu aliyeshika bunduki peke yake ameshika mtaa mmoja, bali aliyeshika redio huonekana ameishika nchi. Lakini historia inafundisha jambo jingine ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ndilo tunalotaka mlichukue leo. Kuinyamazisha redio si sawa na kuutuliza umma. Kimya hakikai kitupu.

Tazameni Kongo mwaka 1960. Tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alitangaza kwa redio ya Léopoldville kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Lumumba, na Lumumba naye akaenda kwenye redio hiyo hiyo kumjibu. Siku ya pili maafisa wa Umoja wa Mataifa walikifunga kituo, wakisema wanazuia fujo. Je, matokeo yalikuwa nini? Kasavubu alikuwa na marafiki ng'ambo ya mto, na redio ya Brazzaville ikamsemea. Lumumba hakuwa na ng'ambo. Kituo kilichofungwa kwa jina la usawa kikamnyima sauti mmoja na kumwachia mwingine. Aliyedhani kwamba amezima maneno alikuwa amechagua tu ni nani atakayesema.

Miaka 33 baadaye jambo kama hilo lilitufika sisi, kwa bei kubwa zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1993 baadhi ya askari waliivamia ikulu ya Bujumbura, na Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwezi Juni mwaka ule, akauawa. Redio ya taifa ilinyamazishwa, na simu zikakatwa. Mkulima wa vilimani alifungua redio yake asubuhi kama kawaida, asisikie chochote. Akageuza kitufe. Alichokipata ni redio ya Kigali, ambayo ilitangaza habari za mapinduzi, na ambayo waziri wa serikali ya Burundi aliyekuwako Kigali aliitumia kuwataka wananchi wasimame. Waliosalia waliletewa habari na uvumi, na wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika siku zile wananchi wa makabila yote walikufa kwa makumi ya maelfu, wengine mikononi mwa majirani, wengine mikononi mwa askari.

Hatusemi kwamba redio peke yake ingeyazuia hayo. Aliyemuua Rais ndiye aliyefungua mlango. Lakini ni dhahiri kwamba nchi nzima ilipokuwa katika hofu, hapakuwa na sauti moja ya kuaminika ya kuwaambia watu kaeni majumbani, msimguse jirani, jambo hili lina wenye kosa na kosa hili si la kabila. Mitambo ilikuwako. Milima ilikuwako. Waliokuwa na silaha waliamua kwamba milima inyamaze.

Upande wa pili wa jambo hili tuliuona kwa jirani zetu wa Rwanda. Mwezi Julai 1993 redio binafsi iitwayo RTLM ilianza kurusha matangazo ya FM kutoka Kigali. Baadaye ilipata mtambo mwingine juu ya mlima Muhe, kaskazini-magharibi ya nchi. Mitambo yake haikuwa mikubwa. Mlima ndio uliourefusha ulimi wake. Mwaka 1994 redio ile iliwataja watu kwa majina na mahali walipojificha, na wauaji wakasikiliza. Serikali kubwa za dunia zilijadili kuizima kwa mawimbi kutoka ndege. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mwezi Mei 1994, ilikadiria gharama kuwa dola 8,500 kwa kila saa ya ndege, ikashauri kwamba isifanyike. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani viongozi wa redio hiyo. Kwa hiyo mwanadamu ameonywa mara mbili: mlima ulionyamaza unaweza kuua, na mlima uliokabidhiwa kwa mwenye chuki unaweza kuua zaidi. Dawa ya huo wa pili ni sheria na mahakama. Risasi ya askari aliyeamua peke yake kwamba hapendi alichokisikia haiponyi kitu.

Yaliyotokea kwetu baadaye yanathibitisha hayo. Tarehe 18 Aprili 2001, Rais Pierre Buyoya akiwa Libreville kwa mazungumzo ya amani, kundi la askari vijana liliiteka redio ya taifa na kutangaza kwamba serikali imeanguka. Baada ya saa chache kituo kilikuwa kimekombolewa, na tangazo lao likabaki kuwa maneno. Tarehe 13 Mei 2015, Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kupitia redio binafsi kwamba amemwondoa. Tarehe 14 yalikuwako mapigano makali kuzunguka jengo la redio na televisheni ya taifa, askari wa Burundi wakiwapiga risasi askari wa Burundi. Jaribio lile lilishindwa. Lakini kabla ya siku hizo mbili kwisha, Radio Publique Africaine, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema FM, vituo vyenye misimamo mbalimbali, vilikuwa vimeshambuliwa, vingine vimechomwa. Kila upande ulikuwa umezima sauti ya mwenzake. Isanganiro na Rema FM ziliruhusiwa kurudi hewani mwezi Februari 2016. Kwa miezi yote hiyo, wananchi wengi walitegemea ujumbe wa simu za mkononi, wa kweli na wa uongo, uliokwenda mbio kuliko mtu yeyote wa kuusahihisha.

Basi, ndugu askari unayepanda kwenda zamu mlimani, ni yapi yanayokupasa?

Kwanza, ijue hatari ya mahali penyewe. Antena ikiwa inafanya kazi, nguvu yake haionekani kwa macho lakini inaunguza mwili. Usipande mnara kwa sababu yoyote bila fundi kuthibitisha kwamba mtambo umezimwa. Usifunge kamba ya nguo wala ya mbuzi kwenye kamba za chuma zinazoushikilia mnara. Usisimike antena ya redio ya kikosi chako karibu na antena za matangazo bila kuuliza, kwa maana mawimbi yakikutana huzaa mawimbi mengine yasiyotakiwa. Kumbuka pia kwamba masafa ya ndege yanaanza pale ya FM yanapoishia, kwenye megahezi 108. Mtambo mbovu mlimani unaweza kumsumbua rubani anayeutafuta uwanja wetu wa ndege katika mawingu.

Pili, linda shaba, linda dizeli, linda barabara. Andika katika kitabu cha zamu kila sauti ngeni ya jenereta na kila kutu uliyoiona. Askari anayetoa taarifa mapema ameokoa zaidi ya askari anayefukuza mwizi usiku.

Tatu, mlinde fundi. Tarehe 11 Septemba 2001, minara miwili ya New York ilipoangushwa, mafundi sita wa matangazo waliokuwa kazini juu kabisa walikufa na antena zao. Katika siku zilizofuata baadhi ya vituo vya televisheni vilirudi hewani kutokea ule mnara wa zamani wa Armstrong kule Alpine, ambao watu wa kale walikuwa wameutunza. Mnara uliotunzwa ukawasaidia wajukuu. Lakini mnara hujengwa tena. Fundi aliyekufa hajengwi.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kumbuka ni nani mwenye sauti hiyo. Mtambo ulioko Manga si wa kikosi, si wa kabila, si wa mtu aliyekuja usiku na karatasi ya kusoma. Ni wa mkulima wa Kayanza, mvuvi wa Rumonge na mchuuzi wa Buyenzi. Askari hakuwekwa mlimani ili achague nani aseme. Amewekwa ili sauti isikatwe na mtu asiye na haki ya kuikata. Atakayekuamuru ukate kebo au uivunje mitambo, muulize kwa sheria gani, na ukumbuke kile kimya cha asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1993, ambacho hakuna aliyeweza kukijibia baadaye.

Usiku huu, mlimani, taa nyekundu zinawaka juu ya minara ili ndege ziione, jenereta liko tayari, na kuna askari wa zamu. Tunamtakia zamu njema, yeye na wenzake wote.